Somo: Kitu Gani Kimegusa Jino Kabla Halijazibwa?

Pengine umesikia mtu akinung'unika: "Jino langu lilizibwa kwa dawa nyeupe, nayo imekwisha toka." Mmoja hulaumu dawa, mwingine humlaumu mganga wa meno. Lakini yafaa kuuliza kwanza: ni kitu gani kilichogusa jino kabla halijazibwa? Tujifunze jambo hili, maana dawa ikiachana na jino hata kidogo, vijidudu huingia chini yake na kula jino kwa siri mpaka kwenye kiini. Ndipo huja usaha, na mwisho jino hung'olewa.

Jino lilivyo

Jino lina matabaka mawili magumu. La juu huitwa enameli. Sehemu 96 hivi katika 100 za uzito wake ni madini. Chini yake ipo dentini, yenye rangi ya manjano kidogo. Madini yake ni sehemu 70 hivi tu. Zilizobaki ni maji na nyuzi laini, nyingi zikiwa za kolajeni. Tena dentini ina vijitundu vidogo sana vyenye majimaji, vinavyoelekea kwenye kiini. Basi dentini ina unyevu siku zote, na dawa nyeupe, iitwayo resini, haipatani na maji. Hapo ndipo penye kazi.

Mfano wa fundi wa baiskeli

Tazama wale wanaoleta makala Lubumbashi kwa baiskeli. Mpira wa ndani ukitoboka, fundi habandiki kiraka juu ya vumbi. Kwanza hukwaruza, hupangusa, hupaka gundi, hungoja kidogo, ndipo hubandika. Pakiwa na mafuta, kiraka kitabanduka njiani na mzigo utakwama. Mganga wa meno hufanya vivyo hivyo.

Kazi ya asidi

Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki kwa nusu dakika, resini huishika vizuri zaidi. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi na wenzake wa Japani walieleza jinsi resini inavyopenya kati ya nyuzi za dentini na kugandamana nazo kuwa tabaka moja.

Njia moja itumikayo siku hizi ni hii: mganga hupaka asidi hiyo juu ya dentini kwa sekunde 15 hivi, kisha huiosha kwa maji. Asidi huondoa unga uliobaki baada ya kuchimba, pamoja na madini ya juu juu, nyuzi zikabaki wazi. Ikikawia, hula chini mno, na resini haitafika mwisho. Tena mganga hakaushi dentini kabisa, kwa sababu nyuzi zikikauka hulala kama majani yaliyonyauka, na resini hukosa njia. Maji yakizidi, nayo huizuia.

Usiogope neno asidi. Sisi wa Katanga twaijua asidi ya salfuriki ya viwanda vya shaba, iunguzayo ngozi. Hii ni nyingine: mganga huweka kidogo, kwa kipimo, na kuiosha mara. Lakini usitie asidi yo yote jinoni mwako mwenyewe, hasa ile ya betri.

Vitu vya kuangalia

1. *Karafuu.* Mafuta ya karafuu, kama zile zilimwazo Unguja na Pemba, yana eujenoli, ambayo hutuliza maumivu. Lakini eujenoli yaweza kuzuia resini isigande vema. Waganga nao huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Nayo yapasa kuondolewa vizuri kabla ya resini.

2. *Javel.* Mganga huosha mizizi ya jino kwa dawa ya namna ya Javel, kwa kipimo, ili kuua vijidudu. Lakini dawa hiyo huharibu kolajeni na kuacha oksijeni inayozuia resini. Uchunguzi umeonyesha kwamba askobeti, iliyo ya jamaa ya vitamini C, yaweza kurudisha nguvu ya kushika. Wewe usitie Javel kinywani, itakuunguza.

3. *Dawa za kung'arisha meno.* Zenye peroksidi nazo huacha oksijeni. Kwa hiyo mganga hungoja wiki 1 au 2 kabla ya kuziba.

4. *Mate na damu.* Vikigusa dentini iliyokwisha tayarishwa, kazi huharibika.

Ipo pia dawa ya kusaidia. Katika jino lenyewe mna vimeng'enya vinavyokula polepole nyuzi ambazo resini haikuzifikia. Klorheksidini, ikipakwa baada ya asidi, huweza kupunguza nguvu yao.

Basi, fanya hivi

Mwambie mganga yote uliyotia jinoni, hata kama ni karafuu ya sokoni, usione haya. Akikuambia usifunge kinywa, vumilia. Usimharakishe. Ukiona dawa imelegea, rudi upesi, usingoje maumivu.

Maswali

1. Kwa nini dentini ni ngumu kushikwa na resini kuliko enameli?
2. Dentini ikikaushwa mno, nyuzi zake hupatwa na nini?
3. Utamwambia mganga nini kabla hajaziba jino lako?