Kuondoa Koga na Uchafu kwenye Kitambaa cha Spika

Masika yakikolea pwani, kati ya Machi na Mei, koga huota kila pasipopita hewa: kwenye viatu, mikoba ya ngozi, hata kitambaa cha mbele cha spika iliyosukumwa ukutani. Wengi hukimbilia ndoo ya maji na sabuni, na hapo ndipo spika huharibika. Kitambaa ni cha bei ndogo. Kilichofichwa nyuma yake ni koni ya karatasi, gundi na waya mwembamba wa shaba, vitu ambavyo na maji haviivi chungu kimoja.

Hatua ya kwanza. Zima redio, chomoa nyaya, peleka spika barazani penye upepo. Vaa barakoa, maana vumbi la koga limejaa chembe za uzazi wake. Mwenye pumu asiifanye kazi hii.

Hatua ya pili. Vua fremu yenye kitambaa. Fremu nyingi zina vipini vilivyoingizwa kwenye matundu ya pembeni. Vuta kwa vidole, kona moja baada ya nyingine, kidogo kidogo. Nyingine zimeshikwa kwa sumaku tu. Bisibisi iweke mbali: sumaku ya spika ina nguvu ya kuinyakua mkononi na kutoboa koni. Fremu ikigoma, huenda imegundishwa au kupigwa pini. Usiilazimishe, isafishe hapo hapo kwa brashi kavu, kisha kitambaa kilichokamuliwa hasa, bila kupulizia chochote.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo muhimu kuliko zote: ondoa vumbi likiwa kavu bado. Vumbi likilowa hugeuka tope na kuingia ndani ya nyuzi. Laza fremu kifudifudi juu ya gazeti, uipige brashi laini kutokea nyuma, uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kufyonza vumbi itumie kwenye fremu iliyovuliwa tu. Ukiipeleka kwenye spika yenyewe, inaweza kuharibu kikuba laini kinachotoa sauti kali. Koni inatosha kupanguswa kwa brashi kavu ya rangi iliyo mpya.

Hatua ya nne. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Jaribu kwanza kona isiyoonekana, usije ukachujua rangi. Lowesha kitambaa safi, kamua, kisha gandamiza penye koga ukianzia ukingoni kuelekea katikati, usisugue. Subiri dakika 15, upanguse kwa maji kidogo. Fremu ikiwa ya ubao ulioshindiliwa (MDF), usiichovye majini kamwe, kwani itavimba na haitarudi ilivyokuwa. Na jiki? Hapana. Inapausha kitambaa cheusi, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Alama nyeusi zinaweza kubaki hata koga ikishakufa.

Hatua ya tano. Kausha kivulini penye upepo, fremu ikiwa imesimama, hata ikibidi kuiacha usiku kucha. Ukirudisha kitambaa chenye unyevu, umeipandikiza koga upya. Cha polista kikilegea kidogo, hujivuta kikipata joto la wastani la mashine ya kukaushia nywele, ishikwe mbali.

Baada ya hapo, acha nafasi ya shubiri moja kati ya spika na ukuta, na uondoe nailoni na vitambaa vya kufuma vinavyofunika spika sebuleni. Vinapendeza, lakini vinafungia unyevu ndani.

Kikiendelea kunuka hata baada ya kusafishwa mara mbili, badilisha kitambaa. Dukani, kipya kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita bila kuzuiwa, nunua, ikikwama, hata sauti itafifia.