Mtaro wa Mvua Unaishia Baharini

Masika yanapoanza, wakazi wengi wa Mombasa huona maji yakitokomea mtaroni na kudhani yamekwisha. Lakini mtaro wa mvua si bomba la majitaka; hauelekei kwenye mtambo wa kusafisha maji. Kinachoingia humo huteremka hadi hori za Tudor na Port Reitz, au ufuoni.

Maji mengi kiasi gani?
Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa la mita 100 za mraba hutoa lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20. Udongo ungekunywa sehemu ya maji hayo. Lami na saruji hazinywi, kwa hivyo maji hukimbia yakizoa oili ya magari, kinyesi cha mifugo, chupa na mifuko. Mvua za kwanza ndizo chafu zaidi, kwani hufagia uchafu uliorundikana wakati wa kiangazi.

Nani anaumia?
Taka zikiziba mtaro, maji hurudi majumbani. Yakichanganyika na ya vyoo vilivyofurika, huleta kuhara na kipindupindu. Yakifika baharini, plastiki hunasa kwenye mizizi ya mikoko, ambako samaki wachanga na kamba hukulia. Kasa humeza mfuko akidhani ni yavuyavu. Tope hufunika matumbawe na nyasi bahari. Mwishowe mvuvi huvuta wavu uliojaa chupa.

Wajibu ni wa nani?
Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia mitaro ya mvua mijini. Hata hivyo, mtaro uliozibuliwa leo utaziba kesho iwapo utageuzwa jaa.

Mkazi afanye nini?
1. Safisha mtaro ulio mbele ya nyumba au duka kabla ya masika. Uchafu uliotolewa usiachwe ukingoni. Mvua ya kwanza itaurudisha.
2. Funga taka vizuri na uzitoe siku ya kukusanywa, si usiku wa kuamkia mvua.
3. Usimwage oili chafu mtaroni.
4. Usiunganishe bomba la choo na mtaro wa mvua.
5. Vuna maji ya paa. Kila mtungi unaojaa nyumbani ni lita 20 ambazo hazitabeba taka hadi baharini.