Mume Wangu na Filamu za Wafu

*Shangazi, naishi Garsen na mume na watoto wawili. Mume wangu ni mtu mwema, hanywi wala halali nje. Shida ni filamu za kutisha. Ana sanduku zima la DVD alizonunua Malindi na Mombasa, nyingine ziko kwenye flashi: mazombi, mashetani, wafu wanaofufuka. Kila usiku anarudia zilezile. Sebule na chumba chetu vimetenganishwa kwa pazia tu. Nikisikia mayowe ya mtu anayevamiwa, sipati usingizi tena. Mwaka 2012 tulimpoteza mjomba kwenye mapigano. Mwanetu wa miaka saba ameanza kukojoa kitandani. Mama mkwe anasema tunaita majini, nizichome. Mume anacheka: "Ni maigizo tu." Nizichome? – Mama Wawili*

Pole, mwanangu.

Usizichome. Ukishawasha kiberiti, mazungumzo yote yatakuwa juu ya moto wako, na utakayeomba radhi ni wewe. Una haki katika jambo hili, usiitie majivuni.

Tumwelewe kwanza mumeo. Anayerudia filamu anajua nani atakufa na mlango upi utavunjwa. Anajua pia kwamba mwishowe atazima TV alale. Hofu iko mkononi mwake pamoja na rimoti, na raha yake ni hiyo. Wala mapenzi hayo si ya ajabu. Mussa Banzi wa Tanzania alitengeneza filamu za kutisha Nsyuka na Shumileta, zikapata watazamaji. Night of the Living Dead, ambayo naamini imo sandukuni humo, ilitengenezwa na George Romero mwaka 1968 kwa dola 114,000 hivi, na mhusika wake mkuu aliigizwa na mtu mweusi, Duane Jones, wakati nafasi kama hiyo ilikuwa adimu Marekani. Jina la filamu lilipobadilishwa, wasambazaji hawakurudisha tangazo la hakimiliki, ndiyo maana nakala zake zimezagaa duniani kote.

Lakini tazama kisa chenyewe. Watu wamejifungia nyumbani usiku, wanapigilia mbao madirishani, wanategea sikio kinachokuja. Aliyekuwa kwenu Delta ya Tana wakati wa mapigano hayo, kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, vijiji kama Riketa na Kipao viliposhambuliwa na zaidi ya watu 100 wakauawa katika eneo hilo, ataambiwaje kwamba hayo ni maigizo tu? Mumeo aliichagua hofu yake. Yako ilikuja bila kualikwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna mwenye haki ya kumcheka.

Mtoto naye hakuchagua. Filamu hiyo ya Romero ilipotoka, Marekani haikuwa bado na utaratibu wa kuainisha filamu kwa umri, kwa hiyo watoto waliingia kuitazama mchana. Mkosoaji Roger Ebert alikuwa ukumbini, akaandika jinsi watoto walivyopigwa na butwaa, wengine wakilia. Kenya tuna bodi ya kuainisha filamu, yenye alama za GE, PG, 16 na 18, lakini nyuma ya pazia lako bodi ni wewe na mumeo. Usimchape mtoto wala kumwaibisha. Baba yake amweleze mchana kwamba damu ya filamu hiyo ilikuwa sharubati ya chokoleti. Akiendelea kukojoa, mpelekeni hospitali, kwani huenda kuna sababu nyingine.

Mama mkwe usibishane naye juu ya majini. Mwambie, "Nimekusikia mama, tunalishughulikia." Kwa njia yake anaulinda usiku wa nyumba yenu, kama wewe.

Sasa zungumza na mumeo, asubuhi ya siku asiyo na haraka. Usianze na filamu, anza na mjomba. Mweleze unachokisikia ukiwa nyuma ya pazia. Pengine hajawahi kuambiwa. Kisha omba mambo matatu: avae vipokea sauti masikioni, sanduku lifungwe kwa kufuli, na TV isiwashwe kwa filamu hizo watoto wakiwa macho. Hujamwomba aache anachokipenda, kwa hiyo hana sababu ya kukataa. Akikataa, mwombe mtu anayemheshimu, kaka yake au mzee wa familia, akae nanyi.

La mwisho ni lako. Moyo unaokimbia hivyo miaka mingi baada ya msiba hautapona kwa kuzimwa TV. Kesho mlio wa pikipiki usiku wa manane utaurudisha kulekule. Nenda hospitali ya karibu, ueleze kama ulivyonieleza mimi, uombe kuonana na mshauri nasaha. Na umwombe mumeo akusindikize.