Kasuku wa Maonyesho na Mapafu ya Wazee: Daktari wa Wanyama Anajibu

Wenye masanduku ya ndege wa maonyesho wameanza kuzunguka kwenye vituo ambako wazee na watu wazima wenye ulemavu hushinda mchana, na barua zimenijaa mezani. Bei ya onyesho na namna ya kupanga viti mtaelewana wenyewe. Nimechagua maswali yanayonikera na yanayonitia hofu.

Mwenye ndege anaapa kwamba kasuku wake alizaliwa nyumbani, hakunaswa porini. Tumwamini? (Barua kadhaa, kutoka komini za Katuba na Kenya na hapa katikati ya mji wa Lubumbashi.)

Mwambieni awaonyeshe mguu kwanza. Anayezalisha kasuku kweli humvisha kinda pete isiyo na kiungo akiwa bado mchanga, mguu ungali mdogo. Akishakua, pete ile haipiti tena. Ndege mzima asiye na pete, anayenguruma kwa hofu kila mtu akisogea, nitamhesabu kuwa wa msituni mpaka mwenyewe alete ushahidi mwingine.

Na msitu huo si wa Katanga. Sisi tuna miombo. Kasuku wa kijivu ni wa misitu ya mvua, kule Maniema, Tshopo na Équateur. Hunaswa kwa ulimbo, mara nyingi mwenzake akiwa amefungwa juu ya mti ili awaite wengine. Wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Kumzalisha ni kazi ya subira: anataka tundu kwenye mti mkubwa, hutaga mayai matatu hadi matano, huatamia karibu wiki nne, kisha makinda hukaa kiotani zaidi ya miezi miwili. Mtu anayebadilisha ndege kila msimu hana subira hiyo.

Mtaniambia: “Lakini Docta, anasema *bonjour*!” Hili ndilo kosa ninalolisikia kila siku. Kasuku aliyenaswa akiwa mzima anaweza kujifunza *bonjour*, kikohozi cha mwenye nyumba na matusi ya dereva wa teksi. Huyu ni ndege wa kundi. Akikosa kundi lake, huiga sauti za wanaomzunguka. Maneno yake hayaonyeshi alikozaliwa, wala kwamba ana raha. Mtazameni kifua: kama amejinyonyoa manyoya mpaka ngozi inaonekana, ni mgonjwa au amechoka na maisha yale, hata kama anawasalimu kwa lugha tatu.

Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe wa porini, uliofanyika Johannesburg ulimwingiza kasuku wa kijivu katika Orodha ya Kwanza, ile inayofunga biashara ya kimataifa ya ndege waliotolewa porini. Nasi hapa Kongo tuna Sheria namba 14/003 ya 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile ya asili. Kwa hiyo dai karatasi, na ukizitilia shaka, zipeleke ICCN, taasisi ya uhifadhi ya nchi yetu. Anayekasirika kuulizwa karatasi amekwisha kujibu.

Wiki moja baada ya onyesho, mzee wetu ameshikwa na homa, kichwa na kikohozi kikavu. Nyumbani wanasema ni malaria. Mganga mmoja anasema alitupiwa kitu kupitia ndege.

Huyo mganga mwacheni na kuku wake wa kafara. Apimwe malaria, ndiyo, lakini daktari aambiwe waziwazi kwamba mzee alikaa karibu na kasuku. Kuna bakteria aitwaye *Chlamydia psittaci*. Hukaa katika kinyesi na makamasi ya ndege. Vikikauka huwa vumbi, na mtu akilivuta hupata homa ya mapafu. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 5 na 14. Ndege mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa. Tiba ipo, doksisiklini, lakini daktari asiyeambiwa habari za ndege hataufikiria ugonjwa huu, atatoa dawa nyingine, na kwa mzee siku zinazopotea ni hatari. Mama mjamzito naye asisogee karibu na ndege hao.

Mwenye pumu akae mbali hata kama ndege ni mzima: manyoya ya kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe mwingi.

Unyoya mwekundu wa mkia wa kasuku unarudisha sauti ya aliyepata kiharusi?

Hapana. Pesa ya kuununua lipieni matibabu ya mazoezi.

Wenye ndege wanataka kuleta bundi pia.

Msimlete. Kumtisha bibi wa miaka 80 anayeamini kwamba bundi ametumwa si elimu wala burudani.

Kasuku alianguka katikati ya onyesho akitetemeka mwili mzima. Watu wakaanza kukemea pepo.

Muulizeni mwenyewe anamlisha nini. Atasema karanga, mahindi na bukari (ugali). Kasuku wa kijivu anajulikana kwa kupungukiwa na kalsiamu katika damu, na degedege ni dalili yake. Anahitaji daktari, mboga za majani na jua.

Tulimpa kasuku avoka (parachichi).

Ni sumu kwa ndege. Mpelekeni kwa daktari leo hii. Na mbabula, jiko la makaa, itoeni kwenye chumba cha ndege, maana moshi wake nao humdhuru.

Docta, unatukataza kila kitu. Kuna baba hapa haongei tangu mwaka jana. Siku ya onyesho alicheka.

Nakuamini, mama. Mwaka 2006 watafiti wa Italia walichapisha utafiti juu ya wazee 144 katika nyumba za wazee: wengine walipewa ndege wa kanari, wengine mmea, wengine hawakupewa kitu. Baada ya miezi 3, waliokuwa na ndege ndio waliojisikia vizuri zaidi. Lakini angalia: wale walikaa na ndege wao siku zote na kumtunza. Onyesho la saa moja, sanduku likafungwa, halifanani na hilo.

Fugeni kuku wachache uani. Wapeni chanjo ya kideri, wajengeeni banda lisilovuja, na huyo baba ndiye awe mtu wa kuwamwagia maji na kuokota mayai, akinawa mikono kila mara. Mkitaka ndege wa ajabu, siku ya jua wapelekeni wazee Zoo ya Lubumbashi, wakatazame nje kwenye hewa. Na kwenye banda lenu, jogoo awe mmoja tu. Wakiwa wawili, majirani wataniandikia mimi.