Jumamosi ya Kutafuta Ploti



Katika nyumba nyingi kuna Jumamosi iliyopotea. Bwana anaamka mapema, anasema anakwenda "kuangalia ploti" na dalali, kisha anarudi usiku viatu vimejaa vumbi. Bibi hajui ni ploti ipi, ni bei gani, wala pesa zinatoka wapi. Mara nyingine ni bibi anayezunguka na wenzake wa chama, na bwana ndiye anayebaki akijiuliza. Nia ni njema: nyumba za kupangisha zisaidie karo, na baadaye uzee. Lakini kitu kinachotafutwa kwa ajili ya jamaa kikianza kuwatenganisha jamaa, inafaa tuzungumze.

Ushauri wetu ni huu: nendeni pamoja, tena na watoto, na siku hiyo hiyo tembeeni kwa miguu. Wakaao Nairobi wanayo barabara ya Magadi, ambayo inafaa kwa mambo yote mawili. Inapita Ongata Rongai na Kiserian, ambako nyumba za kupangisha zimejaa, halafu inateremka Bonde la Ufa hadi nchi ya miiba, mawe na vumbi. Jangwa lenyewe la Chalbi liko mbali, kule Marsabit, lakini ukame wa bonde hili unatosha kumfundisha mtu adabu.

Anzeni na matembezi, kwa sababu ya jua. Tokeni nyumbani alfajiri, mfike Olorgesailie asubuhi. Hapo ni mahali pa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ambapo Louis na Mary Leakey walichimba katika miaka ya 1940. Watoto wataona mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, yakiwa yamelala chini mengi kama mavuno. Tembeeni na mtu wa mahali hapo anayejua njia, na ifikapo saa nne au saa tano muwe kivulini. Kila mtu mzima abebe lita tatu za maji au zaidi, wala msitegemee kuyapata mbele. Vaeni viatu vilivyofunikwa, kwa maana mwiba wa mgunga hupenya kandambili. Mtoto asigeuze mawe kwa mkono. Nge hujificha chini yake. Msipumzike ndani ya mto mkavu wakati wa masika, kwani mvua ikinyesha huko juu Ngong, maji yaweza kuwafikia hali mbingu juu yenu ni nyeupe. Mtoto akilalamika kichwa, akianza kuyumba au kusema ovyo, safari imekwisha: kivuli, nguo iliyoloweshwa maji, anywe kidogo kidogo ikiwa ana fahamu zake, na apelekwe hospitali upesi.

Mwendo uwe wa yule mdogo kuliko wote. Mabwana wengine hapa hushindwa kabisa! Wanatangulia, wanasimama mbele mikono kiunoni, wanauliza mbona mmechelewa. Bibi aliyezoea kuachwa nyuma njiani ataogopa pia kusema, "Mkopo huu ni mkubwa mno kwetu."

Jioni, mkirudi, ndipo mpite Kiserian na Rongai. Saa kumi na moja wapangaji wanaanza kurudi nyumbani, nao ndio wa kuulizwa, wala si dalali. Je, maji hutoka siku ngapi kwa wiki? Ni ya kisima au huletwa na lori? Sehemu nyingi za Kajiado maji ya visima yana floraidi nyingi, ambayo hugeuza meno ya watoto kuwa ya hudhurungi. Maji taka yanakwenda wapi, na lori la kuyanyonya huitwa mara ngapi? Vyumba vingapi vimebaki vitupu? Mara nyingi bibi huona mambo ambayo bwana hakuyatazama: ngazi isiyo na taa, mahali pa kuanika nguo, mlango wa choo. Mpangaji huhama kwa sababu ya mambo kama hayo.

Kisha kaeni na karatasi. Tuseme ploti ya vyumba vinane inauzwa shilingi 6,000,000, kila chumba kikipangishwa 7,000 kwa mwezi. Dalali atawatajia 672,000 kwa mwaka. Toeni miezi miwili ya kila chumba kukaa kitupu: zinabaki 560,000. Kodi ya serikali juu ya pango, ambayo ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, ni 42,000. Mtunza ploti, 120,000. Matengenezo na maji taka, 80,000. Mmebaki na 318,000. Sasa, ikiwa mlikopa 4,000,000 katika Sacco kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, mlipe kwa miaka mitano, riba peke yake mwaka wa kwanza inapita 400,000, kabla ya kurudisha mkopo wenyewe. Pengo hilo litazibwa na mshahara wa nani? Ni afadhali swali hili lilete ugomvi kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu hati, tafuteni wakili wenu, si wa muuzaji, achunguze katika ofisi ya ardhi. Shamba la kilimo huhitaji pia kibali cha bodi ya ardhi. Jina la nani liandikwe? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango. Mali ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kwamba haki zenu ni sawa mpaka mtu athibitishe vingine. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kuwa ndoa peke yake haimpi mtu nusu. Mchango sharti uthibitishwe. Kwa hiyo bwana anayesema "jina langu linatosha, sisi ni kitu kimoja" anamwachia mkewe kesi. Vivyo hivyo bibi anayenunua kwa siri kupitia chama.

Usiku huo, watoto wakiisha kulala, ulizaneni maswali matatu. Ni kiasi gani cha deni kitakachotuwezesha bado kulala usingizi? Mmoja wetu akifa kesho, mwenzake anajua hati iko wapi? Na je, leo njiani, ni nani aliyechoka bila kusema?