Matengenezo ya Noeli Katika Mwezi wa Kupanda

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni matengenezo ya nyumba kwa ajili ya Noeli. Sisi twasema ni jambo kubwa, maana huku kwetu Kiomboi, na katika Iramba yote, Sikukuu hii haiji wakati wa mavuno. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu: huanza Novemba au Desemba, zikakoma Aprili au Mei. Mtama, uwele na mahindi huvunwa kuanzia Mei. Basi ifikapo tarehe 25 Desemba, kihenge kimekwisha kuliwa kama miezi saba, na shamba lataka mbegu. Tena Januari shule zafunguliwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hata kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado mzazi hununua mwenyewe.

Katika nchi za kaskazini, kama Ujerumani na Uswidi, Desemba ni mwezi wa mkulima kupumzika. Mavuno yamo ghalani na shamba limelala chini ya theluji. Karamu kubwa ya Noeli ilizaliwa katika nyumba zenye ghala zilizojaa. Sisi twaifanya karamu ile ile ghala likiwa nusu, kisha twashangaa kwa nini Januari ni nzito.

Twajua mambo yaendavyo. Mtu hukaa kimya Novemba yote. Tarehe 23 Desemba aenda sokoni, akuta watu wamesongamana na bei imepanda. Kuku wa Singida wanatafutwa hata Dar es Salaam, na wachuuzi wamekwisha kuwazoa vijijini. Mwenye duka ampa sukari na mchele kwa deni. Wengine hufanya vibaya zaidi: hutoa debe la mbegu wakaliuza ili wapate kitambaa. Watoto huimba vizuri siku ile, lakini Mei ikija kuna robo shamba isiyopandwa.

Basi yafaa kuanza Jumapili ya kwanza ya Majilio. Jumapili hiyo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo kila nyumba ina muda wa wiki tatu au zaidi. Jioni yake, baba na mama na waketi pamoja na karatasi, waandike fedha iliyopo na ile itumainiwayo. Wakiisha kutenga sadaka, waigawe mafungu matatu: la kwanza mbegu, la pili shule, la tatu Sikukuu. Fungu la tatu likiwa dogo, Sikukuu iwe ndogo. Lisikope kwa la kwanza. Walio katika vikundi vya VICOBA wajihadhari hasa, kwani vikundi vingi hugawana akiba mwisho wa mwaka, na fedha nyingi za siku moja hudanganya macho. Afadhali mafungu yaandikwe kabla fedha haijafika mkononi.

Katika kununua, utaratibu ni nusu ya kazi. Visivyooza vitangulie: chumvi, sukari, mchele, sabuni, mafuta ya alizeti yakamuliwayo huku huku kwetu. Fundi wa cherehani apelekewe kitambaa mapema, maana wiki ya mwisho hulala macho, na nguo zishonwazo usiku huja na mikono isiyolingana. Nafaka isagwe kabla foleni ya mashine haijawa ndefu. Kuni zikusanywe na kuwekwa mahali pakavu mvua zisijazilowesha. Hili husahauliwa kila mwaka, na moshi wa kuni mbichi umewatoa machozi akina mama wengi kuliko huzuni yoyote. Nyanya na mboga zingoje siku ya mwisho. Na nyama je? Nyumba nne au tano zaweza kuchanga, zikanunua ng'ombe mmoja mnadani Novemba, wakakubaliana nani atamchunga. Hivyo mjane naye hupata sehemu bila kuombaomba.

Aliye mjini, Mwanza au Arusha au Dar es Salaam, aulizwe kwa simu mapema: aja siku gani, na watu wangapi? Si utovu wa adabu kumwuliza. Kama ataka kusaidia, fedha aitume Novemba, si tarehe 24 akiwa ashuka garini Misigiri.

Sasa twasema juu ya mama wa nyumba. Katika Luka 10 twasoma habari za Martha, aliyesumbuka na utumishi mwingi hata akamnung'unikia ndugu yake. Wahubiri wengi humlaumu Martha upesi mno, nao wamekula chakula cha Martha. Sisi twauliza: wana wa kiume walikuwa wapi? Kuchota maji, kupasua kuni, kuchinja na kuosha vyombo, hizo ni kazi ziwezazo kugawanywa tangu tarehe 20, ili mama naye asikie ibada ya mkesha akiwa ameketi kanisani. Na katika fedha asifichwe. Martin Luther, aliyemwoa Katharina von Bora mwaka 1525, alikuwa mwepesi wa kugawa alichonacho. Mke wake ndiye aliyesimamia matumizi, mashamba na mifugo ya nyumba yao kule Wittenberg, iliyojaa wanafunzi na wageni. Naye Luther alimwamini hata akamwandika kuwa mrithi wake katika wosia wa mwaka 1542.

Kuhusu nguo za watoto, hatukatazi. Lakini shati la zamani lililofuliwa na kupigwa pasi halijamzuia mtoto yeyote kuimba, na wainjilisti wangefanya vema kuwaambia wazazi hivyo waziwazi.

Jambo moja limebaki. Mwaka mwingine mvua ya kupandia hunyesha Sikukuu yenyewe. Kwa hiyo mbegu zichaguliwe na majembe yatiwe mipini kabla ya tarehe 24, ili asubuhi ya tarehe 27 watu waende shambani mapema, udongo ungali umelowa.