Vipele vya mutu mukubwa: angalia kwanza salopeti yako



Wengi wanafikiri vipele, vile wengine wanaita chunusi, ni mambo ya vijana tu. Lakini ku dispansere tunapokea pia baba wa watoto wane. Anaona haya, anangoja wengine watoke, kisha anafungua suruali.

Fundi mumoja wa mashini alikuja hivi. Mapaja yake yalijaa vipele vyenye kichwa cheusi, na majipu kati yao. Bibi yake alikuwa amerudi kwa wazazi, kwa sababu majirani walisema ule ni ugonjwa wa wanawake wa inje. Mimi mwenyewe nilikosa: nilimupiga sindano ya penisilini mara mbili bila kumuuliza kazi yake. Mara ya tatu nikaona kitambaa cha kupangusia mashini katika mufuko wa salopeti, pale pale juu ya paja. Kilikuwa kimelowa mafuta.

Ngozi yetu ina matundu madogo ambamo nywele zinatoka, na ndani yake ngozi inatengeneza mafuta yake yenyewe. Grisi na mafuta ya mashini yakikaa juu, matundu yanazibika, mafuta ya ndani hayatoki, na vijidudu vinazaana humo. Ndiyo sababu vipele vya kazi vinatokea mikononi na mapajani, pahali nguo yenye mafuta inagusa. Haviambukizi mutu mwingine. Havitoki kwa damu chafu wala kwa uzinzi. Kwa ruhusa ya mugonjwa nilieleza hayo kwa bibi yake. Alikuja na shangazi, na huyo shangazi ndiye aliyeuliza maulizo mengi kuliko wote!

Basi, kitambaa kisiingie mufukoni. Salopeti iliyolowa ibadilishwe siku ile ile, na ifuliwe mbali na nguo za watoto. Glovu yenye mafuta ndani ni mbaya kuliko mukono mutupu. Kisha kazi, oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Usinawe kwa mazuti wala petroli: inatoa grisi, ndiyo, lakini inachoma ngozi. Usisugue kwa jiwe, usikamue kwa kucha. Kukamua kunaacha kovu.

Mama, neno hili linawahusu ninyi zaidi. Vipele vya mwanamuke mukubwa vinapenda kutokea kidevuni na kwenye taya, na vinaongezeka mbele ya siku zake. Wengi wanakimbilia soko kununua pomade ya kungarisha uso. Siku za kwanza vipele vinapungua, naye anafurahi. Ndani ya nyingi kuna dawa kali kama klobetasoli ao betametazoni. Kisha majuma ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na vipele vinarudi kwa wingi. Akiacha, uso unawaka. Basi anapaka tena. Soma maandishi madogo ya tube. Kama umepaka muda murefu, leta hiyo tube ku dispansere, tusaidiane namna ya kuiacha. Hatutakugombeza.

Dawa iliyo nzuri kwa wengi ni peroksidi ya benzoili, ya 2,5 ao 5 kwa mia, mara moja kwa siku, kidogo kidogo. Inakausha ngozi na inatoa rangi ya mashuka, mujue mbele. Inahitaji majuma sita hata manane. Anayeacha kisha siku tano hakuijaribu. Majipu makubwa yanaweza kuomba vidonge vya doksisiklini, lakini munganga ndiye anatoa, na mwanamuke mwenye mimba asivimeze. Asichukue vya bwana yake.

Yule fundi alipona mapaja kisha miezi mitatu hivi. Makovu mawili yamebaki, pale alipokamua.